Italia 1876: Ushindi Ulioandaliwa Ofisini kwa Mkuu wa Mkoa

Mwaka 1874 Waitalia wenye haki ya kupiga kura walichagua Bunge lao. Mrengo wa Kulia, uliokuwa umeshika dola tangu nchi iunganishwe, ukatoka na viti 276 dhidi ya 232 vya Kushoto. Ulikuwa ushindi mwembamba, lakini ulikuwa ushindi. Tarehe 5 na 12 Novemba 1876 watu wale wale, kwa sheria ile ile, katika majimbo yale yale 508, wakaitwa tena vituoni. Safari hii Kushoto wakazoa viti vipatavyo 414. Kulia, wale warithi wa Cavour, waziri mkuu aliyeongoza kuunganishwa kwa Italia, waliojiona ndio wenye nchi, wakaambulia 94.

Mtu akikuonyesha matokeo ya namna hiyo bila kukutajia nchi wala karne, kabla hujauliza wananchi walitaka nini utauliza nani alikuwa waziri wa mambo ya ndani. Alikuwa Giovanni Nicotera, na nitamrudia. Kwanza niseme ninachokiamini kuhusu uchaguzi huu: kura ya Novemba haikuibadilisha serikali ya Italia. Serikali ilikwisha kubadilika tangu Machi, ndani ya ukumbi wa Bunge, na serikali hiyo mpya ndiyo iliyokwenda kujitafutia kura. Ilizitafuta kwa zana ambazo wenzao walioanguka ndio waliozichonga.

Tuanze na hiyo Machi. Waziri mkuu alikuwa Marco Minghetti wa Bologna, msomi, mzungumzaji hodari, mtu wa Kulia tangu enzi za Cavour. Tarehe 16 Machi 1876 alisimama bungeni kutangaza jambo ambalo serikali za Kulia zilikuwa zimelihangaikia kwa miaka yote: bajeti ya taifa imesawazika, mapato yametosha matumizi. Siku mbili baadaye akaangushwa. Mbunge mmoja wa Kushoto, Morana, alikuwa ameleta hoja kuhusu namna kodi ya kusaga nafaka inavyokusanywa. Minghetti akaomba mjadala usogezwe mbele. Bunge likakataa kwa kura 242 kwa 181.

Wabunge wa Kushoto peke yao wasingeweza kufikisha idadi hiyo. Waliomzamisha Minghetti ni watu wa upande wake mwenyewe, hasa wabunge wa Toscana chini ya Ubaldino Peruzzi. Hao walikuwa na kinyongo cha aina mbili. Minghetti na waziri wake wa kazi za umma, Silvio Spaventa, walitaka reli ziendeshwe na dola. Watoscana walikuwa waumini wa soko huria, na baadhi yao walikuwa na maslahi yao katika kampuni za reli, kwa hiyo hawakutaka hata kulisikia jambo hilo. Kinyongo cha pili kilihusu Firenze. Mji huo ulifanywa makao makuu ya nchi mwaka 1865, ukabomoa kuta zake za kale, ukajenga mabarabara na viwanja vya kifahari, ukakopa kwa mikono miwili. Kisha mwaka 1871 serikali ikafungasha virago kwenda Roma na kuuachia madeni. Miaka miwili baada ya kuanguka kwa Minghetti, manispaa ya Firenze ilifilisika rasmi.

Kwa hiyo yale ambayo Waitalia wanayaita mapinduzi ya kibunge yalikuwa ni ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Mfalme Vittorio Emanuele II alimwita kiongozi wa Kushoto, Agostino Depretis, na tarehe 25 Machi serikali mpya ikaapishwa. Mpiga kura alikuwa bado hajaulizwa lolote. Depretis akatawala miezi kadhaa na Bunge lile lile la 1874, kisha vuli ilipofika akaamua ni wakati wa kwenda kwa wananchi.

Wananchi gani hasa? Sheria ya uchaguzi ilirithiwa kutoka ufalme wa Sardinia, ile ya mwaka 1848 iliyofanyiwa marekebisho kidogo kabla ya muungano. Mpiga kura alitakiwa awe mwanamume, awe ametimiza miaka 25, ajue kusoma na kuandika, na awe analipa kodi za moja kwa moja zisizopungua lira 40 kwa mwaka. Kulikuwa na milango ya pembeni kwa maprofesa, watumishi wa umma wa vyeo fulani na wenye nishani. Sensa ya 1871 ilihesabu watu milioni 26.8, na karibu saba kati ya kila kumi hawakujua kusoma. Daftari la wapiga kura la 1876 lilikuwa na majina yapatayo 605,000 tu, yaani zaidi kidogo ya watu wawili kwa kila mia. Wanawake hawakuwamo kabisa. Mbunge Salvatore Morelli alikuwa ameanza kulipigia kelele jambo hilo tangu 1867, wenzake wakimcheka, na mwaka mmoja baada ya uchaguzi huu Anna Maria Mozzoni alipeleka bungeni ombi rasmi la kura kwa wanawake. Halikufika popote.

Hata hao 605,000 hawakwenda wote. Papa Pius IX alikuwa amejifungia Vatican tangu majeshi ya Italia yaingie Roma mwaka 1870, na Kanisa liliwaambia waumini kwamba kushiriki uchaguzi wa bunge la dola hiyo hakufai. Neno hilo lilikuwa limekwisha kusemwa tangu 1861 na padri mwanahabari wa Torino, Giacomo Margotti: tusichaguliwe wala tusichague. Mwaka 1876 waliojitokeza walikuwa kama asilimia 59, na hicho kilikuwa kiwango cha juu kuliko chaguzi zilizotangulia.

Sasa piga hesabu. Gawa wapiga kura 605,000 kwa majimbo 508: unapata watu wapatao 1,190 kwa jimbo. Chukua asilimia 59 yao: watu 700. Ili mtu ashinde duru ya kwanza alitakiwa apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa na pia zaidi ya theluthi ya walioandikishwa. La sivyo wawili wa juu walirudiana Jumapili iliyofuata. Kwa maneno mengine, katika jimbo la kawaida kiti cha ubunge wa taifa zima kilikuwa kinapatikana kwa kura 350 au 400. Umati huo unaenea kwenye harusi moja ya mjini. Mtu mwenye kalamu na daftari angeweza kuwajua wote kwa majina: huyu ana kesi mahakamani, huyu mwanawe anatafuta kazi posta, huyu anadai fidia ya shamba lililopitiwa na barabara, huyu ni mwalimu na hapendi kuhamishwa.

Upigaji kura wenyewe nao haukuficha mengi. Wapiga kura waliitwa majina mmoja mmoja ndani ya ukumbi. Aliyeitwa alisogea hadi kwa mwenyekiti wa kituo, akapewa karatasi iliyo wazi, akaenda kwenye meza iliyotengwa na kuandika kwa mkono wake jina la anayemtaka. Akaikunja, akairudisha kwa mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye aliyeitumbukiza. Karatasi haikuwa na majina yaliyochapwa wala alama za vyama. Baadaye kura zilifunguliwa na kusomwa kwa sauti mbele ya wote, kisha zikachomwa moto papo hapo. Katika mji mdogo ambako karani, mfamasia na wakili wote wanajuana miandiko, siri ya kura ni ya wasiotaka kujua. Na aliyetaka uhakika zaidi aliagiza: wewe andika jina na neno "wakili" mbele, wewe tanguliza jina la ukoo, wewe ongeza jina la babake. Zikisomwa kwa sauti, mtu aliyesimama pembeni anazitambua moja moja bila kuziona.

Hapo ndipo anapoingia prefetto, ambaye kwa lugha yetu tungemwita mkuu wa mkoa. Italia ilikuwa na mikoa 69 na kila mmoja ulikuwa na wake, aliyeteuliwa Roma na kuwajibika kwa waziri wa mambo ya ndani. Polisi walikuwa chini yake. Halmashauri za miji zilipitisha maazimio na yeye akayakagua. Mameya hawakuchaguliwa na watu: mfalme aliwateua kutoka miongoni mwa madiwani, na jina alilopelekewa mfalme lilitoka kwa nani kama si kwa mkuu wa mkoa? Daftari la wapiga kura liliandaliwa na mji, lakini nalo lilipita mezani kwake. Halmashauri ikileta ukaidi, serikali iliweza kuivunja na kumweka mjumbe wake maalumu asimamie mambo mpaka hali itulie, na kutulia huko mara nyingi kulikuja baada ya uchaguzi.

Muundo huo ulijengwa na Kulia. Sheria kuu ya kuunganisha utawala wa nchi ilipitishwa tarehe 20 Machi 1865, wakati Kulia wakiwa wameshika kila kitu, na walikuwa na sababu zao. Nchi ilikuwa imeungwa kutokana na vipande saba vyenye sheria, sarafu na vipimo tofauti. Kusini kulikuwa na uasi uliozimwa kwa bunduki kwa miaka. Papa alikuwa adui. Austria ilikuwa mlangoni. Cavour mwenyewe alipokuwa hai aliwahi kufikiria ugatuzi, lakini wenzake wakaona ni hatari, wakachagua kuishika nchi kwa mkono mmoja kutoka juu. Sitaki kuwalaumu kupita kiasi. Ila walipouchonga mkono huo hawakujiuliza siku moja utavaliwa na nani.

Mwaka 1876 mkono huo ulivaliwa na Nicotera. Ukitafuta mtu ambaye maisha yake yangemfundisha kuichukia dola inayobana watu, huyu hapa. Alizaliwa Calabria. Juni 1857 alishuka pwani ya Sapri, kusini mwa Napoli, pamoja na mwanamapinduzi Carlo Pisacane na watu wapatao 300, wakitumaini wakulima watainuka dhidi ya wafalme wa Bourbon wa Napoli. Wakulima hawakuinuka, waliwavamia waliokuja kuwakomboa. Pisacane akafa, Nicotera akajeruhiwa na kukamatwa. Alihukumiwa kifo, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akatiwa kwenye ngome ya kisiwa cha Favignana, magharibi mwa Sicilia. Alitolewa humo mwaka 1860 Garibaldi, jemadari wa wapiganaji wa muungano, alipokiteka kisiwa cha Sicilia. Akawa mbunge, akatoa hotuba kali miaka mingi dhidi ya serikali za Kulia zinazotumia polisi na wakuu wa mikoa kuwaonea wapinzani.

Alipokalia kiti cha wizara, kazi ya kwanza ilikuwa wakuu wa mikoa. Wengine walihamishwa, wengine wakastaafishwa, wengine wakaelewa wenyewe bila kuandikiwa barua. Nafasi zilizoachwa wazi zilichukuliwa na watu wa kuaminika. Halmashauri zenye vichwa vigumu zikavunjwa. Watumishi wa umma walijua kwamba kuna vituo vya kazi kama Sardinia ambako mtu hupelekwa kutulizwa. Magazeti yaliyohitaji msaada yakapata msaada. Na katika kila jimbo palikuwa na mgombea mmoja aliyejulikana kuwa ndiye wa serikali. Hakutangazwa kwa bango. Ilitosha mkuu wa mkoa aonekane akila naye chakula cha jioni.

Wapo watakaonipinga hapa, na wana haki. Watasema: watu walikuwa wamechoka kweli. Na ni kweli walikuwa wamechoka. Ichukue ile kodi ya kusaga nafaka, iliyoanza kukusanywa Januari 1869. Kila kinu kilifungwa kifaa cha kuhesabu mizunguko ya jiwe, na msagaji alidaiwa kiasi fulani kwa kila mizunguko mia. Yeye akailipisha kwa mteja. Ngano ilitozwa lira 2 kwa kila kilo 100. Mkulima wa kaskazini anayekula ugali wa mahindi, polenta, na mkulima wa kusini anayekula mkate wa ngano wote walikutana na dola pale pale, mlangoni mwa kinu, kabla unga haujafika jikoni. Wasagaji walilalamika kwamba jiwe hilo hilo huzunguka mara nyingi au chache kutegemea nafaka, unyevu na ukali wa jiwe, hivyo mashine inahesabu mizunguko lakini haijui unga. Wiki za mwanzo za 1869 palizuka ghasia, hasa Emilia. Jeshi likapelekwa chini ya Jenerali Raffaele Cadorna, na waliouawa walizidi 250. Bajeti aliyojivunia Minghetti mwaka 1876 ilisawazishwa kwa kiasi kikubwa na unga huo.

Na kusini palikuwa na malalamiko yake. Mwaka 1875 serikali ya Minghetti ilileta muswada wa sheria ya dharura kwa usalama wa Sicilia. Diego Tajani, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Palermo kabla ya kuwa mbunge, akasimama Juni na kueleza bungeni jinsi polisi wa serikali hiyo hiyo walivyokuwa wakishirikiana na wahalifu waliodai kuwapiga vita. Ukumbi ulichafuka. Wasicilia wenye mali waliokuwa bado na imani na Kulia waliondoka nayo hapo.

Kwa hiyo sisemi kwamba Kushoto wangeshindwa bila Nicotera. Pengine wangeshinda, na wangeshinda vizuri. Lakini angalia ni nani alikuwa na uchungu na ni nani alikuwa na kura. Waliouawa mlangoni mwa vinu mwaka 1869 hawakuwa wakilipa lira 40 za kodi ya ardhi, na wengi wao hawakujua kuandika jina la mtu kwenye karatasi. Hasira yao haikuwa na njia ya kuingia katika sanduku. Wapiga kura walikuwa wenye mashamba, mawakili, madaktari, wenye maduka na watumishi wa serikali, na hao ndio tabaka ambalo serikali inalishika shati: leseni, zabuni, uhamisho, nishani, reli ipite wapi. Kutoka viti 232 hadi 300 ningekubali ni upepo wa wananchi. Kutoka 232 hadi 414 ni tabaka hilo likisoma ishara kutoka Roma na kujipanga upya.

Kujipanga huko kuliwahusu hata wagombea. Vyama kama tunavyovijua havikuwapo. Hapakuwa na kadi, matawi wala mkutano mkuu. Kulia na Kushoto yalikuwa makundi ya watu waliojuana, na mtu alihesabiwa upande alioupigia kura jana. Wale Watoscana waliomwangusha Minghetti walisimama mwaka 1876 kama marafiki wa serikali. Wengine wengi waliokuwa Kulia mwezi Februari walikuwa "wapenda maendeleo" ifikapo Oktoba. Ndiyo maana idadi ile ya 414 inapungua uzito kadiri unavyoikaribia: ndani yake mna warepublikani wa zamani waliopigana na Garibaldi, wenye mashamba makubwa wa Napoli wanaoogopa hata neno jamhuri, mabepari wa reli wa Toscana, na mawakili wa kijijini ambao itikadi yao ni daraja lijengwe.

Wala Kulia hawakuwa wanafunzi wa shule hiyo, walikuwa walimu. Agosti 1874, miezi michache kabla ya uchaguzi wao wa mwisho, serikali ya Minghetti ilivamia mkutano wa warepublikani katika jumba la Villa Ruffi karibu na Rimini na kuwatia ndani viongozi waliomo, akiwamo mzee Aurelio Saffi, aliyewahi kuwa mmoja wa watawala watatu wa Jamhuri ya Roma mwaka 1849. Shtaka lilikuwa njama dhidi ya dola. Halikusimama, wakaachiwa, lakini uchaguzi ulikuwa umekwisha pita. Ukirudi nyuma zaidi, mwaka 1857 huko Piemonte, kitovu cha ufalme wa Sardinia kabla ya muungano, upande wa Kanisa ulipopata viti vingi kuliko ilivyotarajiwa, Bunge la Cavour lilikagua ushindi wao na kuutengua katika majimbo kadhaa kwa hoja kwamba mapadri waliwatisha wapiga kura kiroho. Nicotera aliongeza ukubwa wa dozi tu. Dawa ilikuwa kwenye kabati.

Sasa tazama ushindi huo wa viti 414 ulizaa nini. Kwa hesabu ya kawaida, serikali yenye wingi kama huo ingekaa muongo mzima ikitekeleza ahadi zake bila kutikisika. Nicotera mwenyewe hakumaliza hata miezi kumi na minne baada ya uchaguzi: Desemba 1877 aliondoka katika kashfa ya kuvunja siri za telegramu, mtu aliyefungwa na wapelelezi wa Bourbon akituhumiwa kusoma ujumbe wa watu. Baraza la Depretis likavunjika na kuundwa upya. Machi 1878 likaanguka, akaja Benedetto Cairoli. Desemba Cairoli akaanguka, akarudi Depretis. Julai 1879 akaanguka Depretis, akarudi Cairoli. Kati ya Machi 1876 na Mei 1881 Italia iliunda mabaraza saba ya mawaziri, yote ya Kushoto, na mengi yakiangushwa na ugomvi wa Kushoto wenyewe.

Hilo halinishangazi. Mbunge aliyepewa kiti na mkuu wa mkoa anajua kiti kimetoka kwa serikali, si kwa sera, na serikali hubadilika. Akiona upepo unageuka, anageuka nao mapema, kabla mkuu wa mkoa mpya hajafika. Wingi wa aina hiyo ni mkubwa siku ya kupigia makofi, na ni mdogo siku ya kupitisha sheria ngumu. Tena upinzani wa viti 94 haukumtisha mtu, na kambi isiyo na wa kumwogopa nje huanza kugombana ndani. Crispi, Cairoli, Zanardelli, Nicotera na Baccarini, vigogo watano wa Kushoto, waliishia kuunda kundi lao dhidi ya Depretis, kiongozi wa Kushoto.

Ahadi nazo zilitekelezwa kwa mwendo wa konokono. Katika hotuba yake ya Oktoba 1875 mjini Stradella, nyumbani kwao kwenye vilima vya mizabibu karibu na Pavia, Depretis alikuwa ameahidi elimu ya lazima, haki ya kura kwa watu wengi zaidi na nafuu ya ile kodi ya kusaga. Elimu ilikuja upesi, sheria ya waziri Michele Coppino ya Julai 1877, iliyowalazimu watoto wa miaka sita hadi tisa kwenda shule, ingawa miji masikini haikuwa na fedha za kujenga madarasa. Kodi ya kusaga ilifutwa kabisa Januari 1884. Miaka minane, kwa wabunge 414. Kura ilipanuliwa mwaka 1882: umri ukashushwa hadi miaka 21, kiwango cha kodi kikawa chini ya lira 20, na aliyefaulu darasa la pili akaruhusiwa hata asipolipa kitu. Daftari likapanda hadi watu milioni 2, na fundi wa Ravenna akaweza kumpeleka bungeni Andrea Costa, msoshalisti wa kwanza kuingia humo. Hilo nawapa, na si dogo.

Lakini mwaka huo huo wa 1882, Depretis alirudi Stradella na kusema waziwazi yale ambayo 1876 yalifanyika kimyakimya. Ikiwa mtu anataka kuingia katika safu zetu, akakubali programu yangu ya kawaida, akajigeuza kuwa mpenda maendeleo, nitamkataaje? Waitalia wakaiita hali hiyo trasformismo, yaani kujigeuza, na wengi huihesabu kuwa imeanza na hotuba hiyo. Mimi naona hotuba ilikuwa cheti cha kuzaliwa kilichochelewa. Mtoto alikuwa na miaka sita.

Katika walioanguka na Minghetti, anayenivutia ni Spaventa, yule wa reli. Yeye pia alihukumiwa kifo na Bourbon, hukumu ikageuzwa, akakaa miaka gerezani katika kisiwa cha Santo Stefano. Yeye na Nicotera walitoka jela za mfalme mmoja wakiwa na hesabu tofauti kabisa juu ya dola. Mei 1880 alikwenda Bergamo akatoa hotuba ambayo wanasheria wa Italia bado wanaisoma. Aliuliza: chama kinachoshinda kikiikamata serikali, mwananchi ambaye si wa chama hicho atamshtaki nani akinyimwa haki na ofisi ya umma? Hapakuwa na mahakama ya kumsikiliza. Malalamiko dhidi ya utawala yalirudi kwa utawala ule ule. Mwaka 1889, wakati wa Crispi, mtu wa Kushoto, sheria ikapita ya kuunda kitengo cha nne cha Baraza la Dola cha kusikiliza malalamiko hayo, na rais wake wa kwanza akawa Spaventa. Minghetti naye mwaka 1881 aliandika kitabu kizima kulalamikia vyama kuingilia mahakama na utawala. Yote waliyosema yalikuwa sahihi. Walikuwa na miaka kumi na mitano madarakani ya kuyasema, na mkuu wa mkoa alikuwa wao.

Nicotera hakuishia kwenye kashfa ya telegramu. Mwishoni mwa Januari 1891 serikali ya Crispi ilianguka, na Februari mfalme akamwita Marchese di Rudinì, kiongozi wa Kulia, ambaye ujanani aliwahi kuwa mkuu wa mkoa wa Palermo na wa Napoli. Rudinì akatafuta mtu wa kushika wizara ya mambo ya ndani, mtu anayejua majimbo, mameya na wakuu wa mikoa kuliko mwingine yeyote. Akamteua Nicotera.